Mpishi Aliyeongea Kijapani

Tangu mama yake ahamie Kawangware na kuolewa na fundi wa mabati, binti yangu huja kwangu Kianda kila Jumapili akitoka kanisani. Yuko katika ule umri ambao mtoto hana la kumwambia baba yake, nami, pamoja na shahada zangu, nilikuwa nimeishiwa na maswali. Kwa hiyo aliposema anapenda anime moja, katuni ya Kijapani ya mpishi anayepigana na mizimu kwa mwiko, nilimwambia nitaitafuta tuitazame pamoja.

Haikuhitaji kutafutwa. Duka la muvi liko karibu na mlango wangu.

“Prof, hiyo iko yote,” mwenye duka alisema. “Leta flashi.”

“Nataka ya halali.”

“Hii ni katuni, Prof, si nyama.”

Wateja walicheka. Lakini nilikuwa nimetoka kuandika gazetini makala kali dhidi ya wezi wa sanaa, baada ya kukuta kitabu changu kikitolewa fotokopi mjini. Ilikuwa nakala moja tu, na moyoni ilinifurahisha kidogo, ila hilo sikuliandika.

Wiki nzima nikahangaika na simu. Apu ya kwanza iliniarifu kwa adabu kwamba kipindi hakipatikani katika eneo langu. Ya pili ilikuwa na msimu wa pili bila wa kwanza. Ya tatu ilikuwa nayo yote, ila ilitaka kadi ambayo benki haiwapi watu wanaoishi kwa insha. Mwishowe nikaipata kwenye chaneli ya watengenezaji wenyewe: bure, kwa ruhusa, Kenya ikiwemo. Nikajiona mshindi. Nikanunua bando na mandazi.

Jumapili ikafika, nikabonyeza. Mpishi akaanza kuongea Kijapani, taratibu, kwa sauti ya mtu mwenye huzuni. Binti yangu akakunja uso.

“Huyu si yeye.”

“Ndiye. Hiyo ndiyo sauti yake.”

“Hapana, Baba. Yeye ni Mluhya.”

Ndipo akanieleza. Kawangware wanatazama nakala ya dukani, ambayo mtangazaji ameifunika kwa sauti yake, Kiswahili cha mtaani mwanzo hadi mwisho. Humo mpishi ana lafudhi ya Kiluhya na analilia kuku, na mizimu ni makeateka, wale wasimamizi wa ploti, waliokuja kufunga milango ya wasiolipa kodi. Anko, yaani yule fundi wa mabati, hucheka hadi anashika mbavu. Siku hizi nyumbani wanaongea hivyo yeye na binti yangu, hata wakiosha vyombo.

Mzimu ulipotokea, akaanza kunifanyia: “Wewe kea, ebu wacha mlango yangu, nitakuchapa na hii mwiko.” Alikuwa anaiga vizuri sana. Hakuwa ameongea nami namna ile kwa miezi.

“Nyamaza kidogo,” nikasema. “Sikiliza ile ya kweli.”

Akasoma maandishi ya Kiingereza chini ya kioo hadi mwisho, kwa heshima, kama mtu aliyepewa zamu ya kusoma kanisani.

“Umeipenda?”

“Ni poa. Ni kama kusoma.”

Nilipomsindikiza stejini kupanda matatu, alisema akiangalia viatu vyake: “Sunday ijayo naweza kubaki Kawa? Anko ameshaleta zile mpya.”

Nikamwambia abaki tu. Nikarudi nyumbani na, kwa kuwa bando lilikuwa halijaisha, nikatazama sehemu iliyofuata peke yangu, kwa uhalali kamili.