Mwanamke wa Ukurasa wa Kumi na Moja

Kokushubila alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja ya Mabibo. Alipofika miaka thelathini na minane alirudi chuoni kusoma shahada ya pili, na alipowaambia walimu wenzake anachotaka kukiandikia tasnifu, walicheka. Alitaka kuandika juu ya magazeti ya katuni, yale yaliyokuwa yakisomwa kwa vinyozi na kwa mafundi cherehani miaka ya tisini, yakipita mkono kwa mkono mpaka jalada linachanika. Alitaka kujua watu walijifunza nini humo kuhusu mke, mume, mgeni na tajiri.

Msimamizi wake, Dakta Adelard, hakucheka. Alimwambia tu kwamba kazi ya namna hiyo itapimwa kwa ukali kuliko nyingine, kwa kuwa wengi wataiona ya kitoto. Tangu siku hiyo Koku alikuwa na wasiwasi usiokwisha. Alihakiki tarehe mara tatu tatu. Aliandika kila jina la mchoraji kwenye kadi. Hakuwafikiria waliochorwa.

Kinyozi mmoja mstaafu wa Tandale alimwazima sanduku zima la magazeti ya zamani. Ndani yake mlikuwa na matoleo tisa ya gazeti lililoitwa Kibarazani, na humo mhusika aliyependwa kuliko wote alikuwa Bi Kishindo, mwanamke aliyeachika, mwenye mwanya na kidoti juu ya mdomo, ambaye kila wiki alimnyang'anya mtu mume kwa sahani ya wali. Koku alitoa nakala kumi na mbili za ukurasa wa kumi na moja wa toleo moja, wenye picha yake, akaenda nazo Jumamosi mchana kwenye kikundi cha akina mama wa Tandale. Mwenyekiti wao, Jovina, alikuwa amewatandikia mikeka uani kwake.

Akina mama walizipokea wakacheka. Mmoja alikumbuka jinsi kaka yake alivyokuwa akiyasoma magazeti hayo kwa sauti. Kisha mwingine akainua karatasi, akamtazama jirani yake, akaitazama tena karatasi.

"Jamani, huyu si kama Bi Tabu?"

Vicheko vikaongezeka, kisha vikapungua. Bi Tabu, mwanamke wa miaka sitini na mitatu aliyeuza viungo sokoni, alikuwa na mwanya na kidoti juu ya mdomo. Hakucheka wala hakukasirika. Aliikunja nakala yake mara nne, akaichomeka kwenye pindo la khanga, akatafuta ndala zake.

"Nimeacha mzigo wangu wazi," alimwambia Jovina, akatoka.

Koku alizikusanya nakala. Alipozihesabu nyumbani zilikuwa kumi. Moja alijua iliko. Nyingine hakujua, na wiki ile nzima aliiona akilini imebandikwa ukutani sokoni, au imepigwa picha na kurushwa kwenye simu za watu.

Jumatatu alimweleza Dakta Adelard.

"Umepata mtu aliyechorwa bila kujua, yuko hai, yuko tayari pale pale ulipofanyia utafiti," alisema Dakta. "Hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta, Koku. Kamhoji."

"Nimemwumbua mbele ya majirani zake, Dakta."

"Basi kamwombe radhi kwanza. Halafu umhoji."

Ilimchukua siku tano kupata ujasiri. Mara mbili alifika sokoni Tandale, akaiona meza ya Bi Tabu yenye mafungu ya iliki na mdalasini, akageuka. Mara ya tatu Bi Tabu mwenyewe ndiye aliyemwita.

"Mwalimu, utazunguka mpaka lini? Njoo ukae."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Koku aliomba radhi. Alisema hakujua, na kwamba kutojua si utetezi. Bi Tabu alimsikiliza huku akipepeta bizari, kisha akamweleza kwa sauti ya chini, kama anayetaja bei.

Alipoachika alikuwa anaishi Magomeni. Siku moja alikwenda dukani, watoto wakamwita Bi Kishindo, na baada ya hapo hakuitwa jina lake tena. Mchumba wa binti yake akaghairi. Akahamia Tandale, ambako hakuna aliyemjua, akakaa karibu miaka thelathini bila mtu kumwita hivyo. Mchoraji alikuwa kijana aitwaye Nurdin, mpangaji wa chumba cha pili katika nyumba ile ile, naye ameshafariki.

"Mie sijamlaumu yeye sana," alisema. "Yeye alichora alichoambiwa. Niliyemlaumu ni wifi yangu, Rukaiya. Siri zangu zote nilimwambia yeye peke yake."

"Mliongea naye?"

"Sijamsemesha tangu mwaka ule." Akaacha kupepeta. "Wewe unayo yote? Sikuwahi kuyasoma. Nilikuwa nasikia vicheko tu. Njoo nayo nyumbani, unisomee. Macho yangu hayaoni maandishi madogo."

Koku alikwenda Jumapili. Njiani alitamani apate sababu ya kurudi, kwa maana aliyakumbuka baadhi ya maneno yaliyomo na hakujua atayatamkaje mbele ya mama wa umri ule. Lakini Bi Tabu alishafunga mlango na kukaa kwenye stuli, kwa hiyo akaanza.

Alisoma toleo la kwanza, la pili, la tatu. Palipokuwa na tusi alishusha sauti, na Bi Tabu akamwambia apandishe. Kuna mahali alimsahihisha mchoraji: "Mlango wetu haukuwa hivyo." Kuna mahali alicheka kidogo, Bi Kishindo alipomfungia mwenye nyumba chooni. Koku hakuweza kucheka naye.

Katika toleo la sita, wifi wa Bi Kishindo alikuja kumpa pole. Bi Kishindo akamwambia, "Miaka sita nilimpikia akala kimya. Siku niliyoacha kupika ndiyo akaanza kuongea."

"Hayo ni yangu," alisema Bi Tabu. "Nilimwambia Rukaiya, neno kwa neno. Umeona sasa."

Koku alifunua ukurasa. Wifi alikuwa ameshaondoka. Bi Kishindo alifunga mlango, akakaa sakafuni peke yake, na katika kiputo cha maneno iliandikwa: "Ewe Mola, sikuombi mume. Nipe usingizi tu."

Bi Tabu aliinua kidole.

"Rudia hapo."

Koku akarudia.

"Hayo sikumwambia mtu," alisema Bi Tabu. "Rukaiya alishaondoka. Nilikuwa peke yangu sakafuni." Akainua macho juu, ukuta ulipokutana na paa. "Kuta za nyumba ile hazikufika juu. Nurdin alikuwa upande wa pili, anasikia kila neno."

Akaweka mkono mdomoni. Koku hakuthubutu kufunua ukurasa mwingine.

Kabla hajaondoka, Bi Tabu alimpa ruhusa ya kuandika, kwa masharti: jina lake lisiwepo, uso ufunikwe kila picha itakapowekwa, na ielezwe kwamba mwanamke mwenyewe amesomewa na amejibu.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini wa nje alitaka jina la mwanamke huyo ili athibitishe. Koku alisema hawezi kulitaja. Alielezwa kwamba sura nzima ya tasnifu inayomhusu ingeweza kukataliwa, akasema tena hawezi. Walimtoa nje. Alikaa kwenye benchi ya korido zaidi ya saa moja, akihesabu vigae vya sakafuni, na akiwa na hakika kwamba miaka miwili imepotea.

Alifaulu, kwa masharti ya marekebisho makubwa. Nusu ya sura ile ilibidi iondolewe kwa kukosa ushahidi. Aliiondoa mwenyewe, kwa uchungu, akabakiza jibu la Bi Tabu kama lilivyo.

Bi Tabu naye alikwenda Temeke kwa Rukaiya. Alimkuta amepooza upande mmoja, maneno yakimtoka kwa shida. Hakumweleza habari za gazeti. Alimpikia uji akamlisha, na wiki iliyofuata akaenda tena.

Sokoni bado wapo wawili watatu ambao, tangu siku ya zile nakala, wanamwita Bi Tabu kwa jina la Bi Kishindo. Koku akipita pale kununua iliki huwa anatega sikio mpaka apite meza ya mwisho.