Midomo Sita Niliyovuka Nayo Busia

Malori yote yaliyokuwa kwenye foleni ya forodha pale Busia yalinipigia honi kwa wakati mmoja, saa sita mchana, na mimi ndiye niliyeyaomba.

Sikuwa nimerukwa na akili. Nilikuwa natafuta mdomo.

Tulieni, niwaeleze taratibu.

Naitwa Nerima. Nashona magauni soko la Busia, upande wa Uganda, na kila Jumamosi napuliza saksafoni ya alto kwenye bendi ya harusi. Bendi ni ya Mzee Obbo wa Tororo, yeye anapiga gitaa la besi. Tuko watu sita, mwanamke ni mimi peke yangu.

Kupuliza nilijifunza kanisani nikiwa na miaka kumi na miwili. Kushona ni kazi. Saksafoni ndiyo mimi mwenyewe.

Sasa kwa miezi mitatu Mzee Obbo alikuwa na neno moja tu.

"Nerima, sikusikii."

Nikipuliza mpaka mishipa ya shingo isimame: "Sikusikii." Nikiimeza maiki karibu yote: "Binti yangu, unapulizia ndani ya blanketi?"

Wenzangu wakawa wanaangalia chini. Hakuna anayebishana na Mzee Obbo. Bendi ni yake, spika ni zake, hata sare tulizovaa nilishona mimi lakini kitambaa kilikuwa chake.

Jumanne moja baada ya mazoezi akaniita pembeni.

"Jumamosi tuko Mulanda. Harusi ya uwanjani, hakuna ukuta wa kukusaidia. Kama huko sitakusikia, nitamchukua Edwin wa Mbale. Usinichukie, binti yangu."

Edwin namjua. Anapuliza vizuri, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikaamua kubadilisha mdomo. Si huu wangu wa kulia ugali. Saksafoni ina mdomo wake, kile kipande cha mbele unachokibana kwa meno, chenye ulimi mwembamba wa mwanzi chini yake. Wangu ulikuwa ule ule uliokuja na saksafoni. Sauti yake nene, ya upole, kama mtu anayeomba radhi kwa kupita mbele yako. Mimi nilitaka sauti angavu. Sauti ya kukata.

Kesho yake asubuhi nikavuka kwa miguu mpaka upande wa Kenya, kwa Paddy, anayeuza vyombo vya muziki vya mitumba nyuma ya kinu cha kusaga mahindi.

"Sista, unataka ya kuwaka ama ya kuwaka kabisa?"

"Nataka ya kumfanya mzee mmoja anisikie."

Paddy akacheka, akamwaga midomo sita mezani. Mitano myeusi, mmoja wa chuma unaong'aa kama jino la dhahabu.

"Cheki ndani," akaniambia, akiuinua ule wa chuma kwenye mwanga. "Umeona hii sakafu imepanda juu? Hewa inapita kwa njia nyembamba. Ni kama maji ya mpira, ukibana na kidole yanaruka mbali. Huo wako wa zamani ndani ni shimo tu, hewa inatembea pole pole kama inaenda kanisani."

Nikaanza kujaribu. Nikapuliza wa kwanza, kinu kikajibu. Nikapuliza wa pili, kinu kikajibu tena. Kwa kelele ile yote ilikuwa na sauti moja, sauti ya mahindi.

"Enda nayo yote," Paddy akasema. "Jaribia kwenu, Jumatatu uniletee tano. Shati zangu mbili si ziko kwako unashona? Hatuwezi hepana, tukimbiane twende wapi?"

Basi nikarudi mpakani, saksafoni mgongoni, midomo sita kwenye kimfuko cha kitambaa. Nilikuwa na furaha ya kijinga, natembea kama niko kwenye gwaride.

Afisa wa forodha siku hiyo alikuwa dada mmoja mrefu, sura ya mtu ambaye hajacheka tangu Januari.

"Unabeba nini?"

"Midomo."

Akaniangalia. "Midomo ya nani?"

"Yangu, madamu."

"Mingapi?"

"Sita. Lakini nitabaki na mmoja."

Mama aliyekuwa nyuma yangu na kapu la dagaa akaanza kutikisika kwa kicheko. Afisa hakutikisika. Akamimina kimfuko mezani, akaipanga midomo mstari.

"Hii ni bidhaa. Mtu mmoja hawezi kuwa na midomo sita."

"Madamu, nachagua. Siwezi kujua upi ni wangu mpaka nipulize."

"Basi puliza, mimi naona."

Nafikiri alitaka kunitisha tu. Hakujua anaongea na mtu wa aina gani.

Nikafungua kasha palepale nje ya dirisha lake. Foleni ya malori ilikuwa hatua chache kutoka hapo, madereva wameketi humo tangu asubuhi, viwiko nje, macho mekundu kwa uchovu. Nikapuliza mdomo wa kwanza.

Hakuna aliyegeuka. Ulikuwa ndugu wa tumbo moja na wangu wa zamani.

Wa pili ukatoa sauti ya bata aliyekanyagwa. Dereva wa lori la saruji akatoa kichwa dirishani.

"Dada, huyo mchinje tule."

Foleni nzima ikacheka. Hapo ndipo shetani wa furaha aliponiingia. Nikapaza sauti: "Haya, wazee wa barabara, nisaidieni kuchagua. Mkiupenda, pigeni honi."

Wa tatu, honi mbili. Wa nne, kimya, mtu mmoja tu alikohoa. Wa tano, honi kama saba, na mama wa dagaa akasema huo mzuri kwa matanga.

Nikafunga ulimi kwenye ule wa chuma.

Ndugu zangu, sijui niwaeleze vipi. Pumzi ilitoka kifuani ikakuta njia nyembamba, ikaruka. Sauti ikatoka nyeupe, ikapanda juu ya mabati, ikapita juu ya malori, ikaenda. Wabadilisha fedha wakaacha kuhesabu. Mwendesha boda mwenye gunia la vitunguu akaanza kucheza bila kushuka kwenye pikipiki. Mimi mwenyewe nilitaka kusimama nijisikilize.

Nilipokata sauti, malori yote yakalia kwa pamoja. Yaliendelea kulia mpaka mkubwa fulani akatoka ofisini ameshika kikombe cha chai, anauliza kuna nini.

Afisa akanirudishia kimfuko haraka haraka. Chini ya meza niliona kiatu chake kinadunda.

"Nenda," akaninong'oneza. "Na huo wa chuma usiurudishe."

Jumamosi, Mulanda.

Uwanja wa kanisa, mahema matatu, watu mpaka barabarani. Bibi harusi aliposhuka garini, nikaingia na ule mdomo. Vigelegele vikalipuka upande wa akina mama. Bibi mmoja aliyekuwa amesinzia kwenye hema la mwisho kabisa alisimama akaanza kucheza peke yake, fimbo juu. Hata mbuzi waliofungwa nyuma ya jikoni waliitikia.

Nikamaliza, jasho linanitoka, meno yote nje. Nikamgeukia Mzee Obbo, aliyekuwa kulia kwangu kama kawaida.

Akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Nerima, sikusikii."

Nilitaka kukaa chini kwenye nyasi. Malori yamenisikia, mbuzi wamenisikia, na huyu aliye hatua moja kutoka kwangu hanisikii. Akilini nikamwona Edwin wa Mbale amevaa sare niliyoshona kwa mikono yangu.

Kabla sijajibu, wapishi wakaja na meza ya keki. Nafasi pekee ilikuwa pale niliposimama. Wakaniomba nihamie upande wa pili, yaani kulia kwa mzee. Nikahama, moyo mzito, nikaanza wimbo uliofuata.

Noti ya kwanza tu, Mzee Obbo aliruka. Besi ikanyamaza katikati ya wimbo. Akanigeukia kama mtu aliyeona marehemu.

"Nerima? Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Nilikuwa hapahapa, mzee."

Wenzangu wakaendelea kupiga. Mimi nilipuliza, lakini kichwa kilishaanza kufanya kazi.

Wakati wa chakula nikamwendea upande wa kushoto, taratibu. Alikuwa anakunywa soda.

"Mzee," nikasema kwa sauti ya kawaida, "suruali yako imechanika nyuma."

Akaendelea na soda yake.

Nikazunguka kulia. "Mzee, suruali yako imechanika nyuma."

Soda ikamwagika. Akajishika nyuma kwa mikono miwili.

Jumatatu nikampeleka kwa muuguzi wa masikio Tororo, Sista Ariokot. Mzee alipinga njia nzima, eti masikio yake ndiyo yaliyomjengea nyumba. Sista akamulika la kulia, akasema safi. Akamulika la kushoto, akasogeza taa karibu. Akachukua kikoleo, akaingiza, akavuta.

Ikatoka pamba. Donge la pamba, rangi ya chai ya rangi, kubwa kama punje ya njugu.

"Mzee, hii uliiweka lini?"

Mzee Obbo akafikiri. "Sikio liliniuma wiki ya Pasaka. Mke wangu akaniwekea pamba na mafuta." Akafikiri tena. "Nilidhani ilianguka."

Nilicheka mpaka Sista akaniomba nitoke. Mlango ulikuwa wazi, nikamsikia mzee naye anacheka. Alipotoka nje alinishika mkono, hakuuachia.

"Binti yangu, ningekufukuza kwa ajili ya pamba. Nisamehe."

Nilitaka kumwambia maneno mengi ya miezi mitatu. Lakini ukishacheka namna ile, hasira inatafuta pa kukaa haipaoni.

"Yameisha, mzee," nikamwambia.

Paddy nilimrudishia midomo mitano na shati zake mbili. Wa chuma nimebaki nao, maana ukishapigiwa honi na foleni nzima huwezi kurudi kwenye blanketi.

Wiki iliyofuata kwenye mazoezi, dakika tano hazijaisha, Mzee Obbo akaacha gitaa, akaziba masikio yote mawili.

"Nerima, nakuomba, punguza. Unatutoboa."

Sijawahi kusifiwa vizuri kuliko siku ile.

Ninachowaachia ni hiki tu. Mtu akikwambia hakusikii, usikimbilie kubadilisha mdomo. Zunguka kwanza upande wake wa pili, ujaribu sikio lile jingine.