Mashine Iliyodhani Ghala ni Tupu

Kazi ya Zulekha Seifu mjini Nachingwea, mama yake kule Lionja ameshindwa kuieleza kwa majirani. "Anatunza kompyuta," husema, na majirani huuliza inakula nini. Ukweli ni kwamba anatunza kanzidata ya chama cha wakulima wa korosho: kila mzigo unaopimwa ghalani huingia humo, pamoja na jina la mwenyewe na kijiji chake. Kazi ya heshima. Ila msimu huu nusura imtoe roho.

Alhamisi ile mnada ulikuwa saa nane, na orodha ya magunia ya kila kijiji ilitakiwa ifike kwa wanunuzi saa sita. Wiki iliyotangulia orodha ilichelewa, korosho za kijiji cha Kiegei zikaachwa ghalani. Na ghala lenyewe linavuja, mvua zimeshaanza. Zikikosa mnada wa pili, zinaota ukungu.

Saa tatu asubuhi Zulekha aliiagiza kompyuta itoe orodha. Saa nne bado inazunguka tu. Akaiuliza imepanga kutafuta kwa njia gani, maana mashine hizi hupanga njia kwanza ndipo zitafute. Jibu likamfanya ashike kichwa. Mashine iliamini jedwali la mizigo halina kitu! Ikajipangia kivivu: kwa kila mzigo, isome majina ya wakulima wote tangu la kwanza hadi la mwisho, maana mizigo yenyewe si haipo? Kumbe ipo elfu sitini. Hapo ungesubiri mpaka Idi.

Takwimu za majedwali, ndizo huiambia mashine kila jedwali lina kiasi gani, zilipaswa kukusanywa kila usiku. Nani kazima? Akafungua kumbukumbu za Bernardo, fundi aliyemtangulia: "Imezimwa kwa agizo la mwenyekiti. Iwashwe msimu ukiisha." Na msimu ukiisha, jamani, jedwali la mizigo husafishwa kupisha mwaka mpya! Kwa hiyo kila mwaka mashine ilihesabu ghala tupu, ikakariri hivyo, ikazimwa tena msimu mpya ukianza.

Angeiwasha kimyakimya, lakini mwenyekiti, Mzee Mikidadi wa Kiegei, alikuwa amekaa nyuma yake palepale akisubiri orodha.

"Mzee, ni wewe uliyekataza mashine isihesabu?"

"Ndiye mimi. Bernardo aliniambia kila usiku inahesabu mali za watu. Nikakataa. Korosho haihesabiwi kabla haijauzwa, inaingia nuksi."

"Mbona kwenye mizani tunapima?"

"Kupima si kuhesabu."

"Na hii orodha?"

"Hiyo wanaitaka wanunuzi. Nuksi ni yao."

Zulekha alitaka kulia, na kicheko nacho kikambana. Ilikuwa saa nne na nusu, na mzee huyu akianza ubishi haumalizi leo. Ndipo akamkumbuka mpima ubora kule ghalani. Yule hafungui magunia yote; anachoma bambo, kile chuma chenye ncha, kwenye machache, anachota korosho kiganjani, na shehena nzima ameshaijua.

"Mzee, mpima ubora akichoma bambo, anahesabu korosho?"

"Atahesabu saa ngapi? Anaangalia hali ya mzigo tu."

"Basi na mashine ni hivyohivyo. Inachota mistari michache huku na huku, inakadiria."

"Idadi kamili haiijui?"

"Wallahi haiijui. Inabahatisha kwa adabu."

Mzee akakuna kidevu, akaitazama saa ya ukutani, akaitazama mvua dirishani.

"Haya, choma."

Kukusanya takwimu kulichukua muda wa nusu kikombe cha chai. Akaagiza orodha upya. Sekunde nne! Printa ikaanza kutema karatasi, na Zulekha akapiga kigelegele mle ofisini, aibu ikamjia baadaye.

Mzee Mikidadi hakushangilia. Alishika kurasa za Kiegei, akaliona jina lake.

"Mjukuu wangu, kabla hujachoma, ilidhani tuna magunia mangapi?"

"Sifuri, mzee."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Tangu Oktoba nabeba magunia mgongoni, kumbe humu ndani mimi fukara! Na aliyenifukarisha ni mdomo wangu mwenyewe." Ilimuuma kweli. Kisha akainama, akasogeza mdomo karibu na kompyuta, akanong'ona kana kwamba wanunuzi wako mlangoni.

"Iwe inachoma kila siku. Ila ikifika kwangu, ichome gunia la juu. Ndimo nimeweka zile nzuri."