Kaye ya Kusemea

Daktari aliniamuru ninyamaze wiki sita. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, na miaka mingi ya kupaza sauti mbele ya darasa lililojaa watoto ilikuwa imeniotesha vijinundu kwenye nyuzi za sauti.

"Usiseme," aliniambia, "wala usinong'one. Kunong'ona kunaumiza vilevile."

Nikafungua mdomo kumuuliza nitaishije nyumbani. Akaweka kidole midomoni. Wiki sita zilikuwa zimeshaanza.

Tunaishi mtaa wa Kinama, mume wangu, mimi na mama mkwe. Mume wangu ni fundi wa magari, hutoka asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo mchana kutwa tunabaki mimi na mama. Siku ya kwanza nilichukua kaye ya shule, daftari jembamba kama wanayoandikia wanafunzi wangu, nikajaribu kuzungumza nayo. Ikanishinda kabla ya saa sita. Mazungumzo ya nyumbani hayafanyiki mezani. Mtu anaongea huku anageuza maharagwe, huku anaanika nguo, huku amesimama mlangoni. Jalada la kaye ile lilikuwa laini, kila nikibonyeza kalamu karatasi inatoboka. Nikanunua kibandani kaye ndogo ya kuenea kiganjani, nikaitundika shingoni kwa uzi, nikajiona nimepata.

Siku ya tatu nilimkuta mama jikoni amechutama mbele ya makaa, moshi umemzunguka na kikohozi chake cha siku nyingi kimemkamata. Nikaandika harakaharaka. Ukurasa haukutosha, nikamalizia upande wa pili, nikamwekea kaye mbele ya macho.

Macho yake si mazuri. Aliisogeza mbali, akairudisha karibu, akasoma neno kwa neno: "Toka... jikoni... mama."

Akanirudishia. Alijifunga kitenge chake vizuri, akatoka, akaenda kukaa kwenye jiwe lililo karibu na lango, nyumba ameipa mgongo.

Upande wa pili nilikuwa nimeandika: "Upumzike, moshi unakuumiza, mi nitapika." Nilimfuata mbio, nikapiga magoti, nikageuza ukurasa na kumwonyesha kwa kidole. Hakutaka hata kutazama. Ilibidi nipige makofi mpaka jirani akatoka, nikamkabidhi kaye, naye akatusomea kurasa zote mbili kwa sauti. Mama alisikiliza, halafu akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mwana wangu," akasema, "mi nilifikiri umenifukuza! Andika makubwa. Ivi ni sisimizi, si maneno."

Kesho yake nilikwenda Rohero, katikati ya mji, kwenye duka la vifaa vya kuandikia. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye kofia nyeupe. Nilimwandikia: "Natafuta kaye ya kusemea. Sina sauti." Alivaa miwani, akasoma, wala hakuniuliza ninaumwa nini. Aliteremsha kaye za kila namna, akazipanga juu ya kaunta. Mkono wangu ukaenda moja kwa moja kwenye kubwa kuliko zote, yenye ukubwa wa karatasi ya ofisi na jalada gumu jeusi.

"Apana, mama, usiandikie kwa kaunta," akasema. "We utakuwa unasemea kwa meza? Simama pale katikati, andika."

Nikasimama, nikaandika. Kabla ya mstari wa pili mkono wa kushoto ulikuwa unatetemeka kwa uzito.

"Unaona? Iyo ni ya mutu ya kukaa." Akanipa nyingine, nusu ya ile, jalada gumu vilevile, kurasa zimeshonwa kwa uzi hata ukiifungua inalala yenyewe. Ilikaa juu ya mkono wangu kama imepimwa hapo. "Na ule atasoma, macho yake iko namna gani?"

Nikatikisa kichwa.

Basi mzee akavua miwani yake, akarudi nyuma mpaka mlangoni. "Andika kitu. Mi nitasoma kutoka apa."

Niliandika: MAMA, UMEKULA? Wateja wawili walikuwa wanangoja, hakuwajali. Alikodoa macho, akasoma taratibu, kisha akajibu, "Bado, lakini Alhamdulillahi, saa ya kula inakaribia." Duka zima likacheka, na mimi nikacheka bila sauti. Mpaka leo nikimkumbuka namwombea heri. Alinipa muda wake kana kwamba hakuwa na kazi nyingine.

Kaye ile ilitufaa. Sentensi nzima, kwa herufi kubwa za kusomwa na mama, ilienea ukurasa mmoja. Muuza ndagala wa sokoni hakujua kusoma, kwa hiyo yeye nilimchorea samaki wadogo na kikombe cha kupimia, akafurahi, akanijazia kikombe mpaka kikafurika.

Wiki ya tatu, mchana mmoja wa mvua, nilianza kuisoma kaye ile tangu mwanzo. Nikakuta maneno yangu peke yake. "Apana." "Bado." "Asante." "Asante sana." "Kweli?" Kweli nini? Sikukumbuka. Mtu alikuwa ameniambia jambo la ajabu, nami nilikuwa nimehifadhi mshangao tu.

Tangu siku hiyo ukurasa wa kulia ukawa wa maneno yangu, wa kushoto nikaandika niliyojibiwa. Sikuwahi kuandika shajara maishani mwangu, niliandika matayarisho ya masomo basi. Upande wa kushoto ulijaa haraka zaidi, kwa sababu nilivyonyamaza ndivyo watu walivyozidi kunieleza, mama hasa. Alinisimulia alivyokuwa akipanda kilima cha Kinanira kwenda kufua nguo kwenye nyumba za watu, mwanawe, huyu mume wangu, mgongoni. Tumeishi pamoja miaka kumi na miwili na sikuwa nimelisikia hilo. Nilikuwa narudi kutoka shuleni nimechoka, naanza kusema mimi. Mume wangu aliusoma ukurasa ule jioni, amesimama, mikono bado ina mafuta ya gari.

"Ajaniambia ata siku moja," akasema, akaenda kukaa karibu na mama yake.

Sauti ilirudi, ya kukwaruza kidogo. Neno la kwanza lilikuwa "Mama," naye akaitika kama kawaida, halafu akashtuka. Namshukuru Mungu kwa sauti hii, na kwa zile wiki sita pia. Sasa niko kwenye kaye ya tano, zote za kimo kile kile. Mchana nikirudi kutoka shuleni ninaandika, mama ananikalia karibu na kunisahihisha. Juzi nilimsomea kwamba kilima kile alikipanda kila siku.

"Jumapili apana," akasema. "Andika vizuri. Jumapili tulikuwa tunapumzika, na baba yake ndiye alikuwa anamubeba."

Nikaliongeza hilo pembeni, palipokuwa na nafasi.