Togwa Iliyongoja Msiba

Harufu ya togwa iliyopitiliza haina adabu, haipigi hodi. Juzi nimeketi zangu sebuleni hapa Uyole, blanketi magotini, maana mimi ni mtu wa ndani, majirani wanasema hata kuku wangu wananizidi kutembea. Mara ikaja kutoka jikoni, kali, yenye utamu kwa mbali, ikanishika pua kama shangazi aliyekosa salamu yake. Ni ndoo niliyoisahau nyuma ya mlango. Nikafunua mfuniko, povu likanichekea. Na pale pale, jamani, sikuwa tena mama mtu mzima anayeumwa magoti kwa baridi ya Mbeya. Nilikuwa Kilolo, nina miaka tisa, nimesimama mlangoni mwa jiko la mama, namngoja mtu yeyote atokee kwenye ukungu.

Ngoja nianze vizuri.

Mwaka ule baba aliangukiwa na gogo. Alikuwa mpasua mbao, na gogo la mpaini lilibingirika mteremkoni likamkuta paja. Wakambeba kwa machela ya miti hadi barabarani, lori la mbao likampeleka hospitali ya mjini Iringa. Tangu hapo habari zake zikawa zinatufikia kwa vinywa vya madereva. Leo amekula. Leo mguu umevimba. Leo madaktari wamesimama kitandani kwake muda mrefu. Hakuna aliyetuambia kama atatembea.

Na ilikuwa Novemba. Aliyekulia nyanda zile anajua Novemba inavyomwasha mtu. Mawingu yanakuja, yanasimama juu ya milima kama wageni wasiotaka kuketi, yanaondoka. Kila shamba limeshageuzwa udongo mwekundu, watu wanasikilizia tone la kwanza wapande. La kwetu lilikuwa nyasi tupu, zimenifika kiunoni. Baba ndiye alikuwa jembe letu. Mvua ikitukuta na nyasi zile, tusingekuwa na cha kupanda, wala cha kuvuna, wala cha kula mwaka mzima unaofuata. Hilo hakuna aliyelisema kwa mdomo, ila lilikuwa linazunguka nyumbani kama mbwa mgeni.

Mama hakuweza kukaa. Alifagia uwanja, akamaliza, akaufagia tena. Alianza kufua, akaacha nguo kwenye beseni, akaenda kuangalia shamba, kana kwamba nyasi zingekuwa zimejing'oa tangu asubuhi. Na aliomba akitembea. Kanisani Mungu alisemeshwa Kiswahili, kwa heshima na macho yaliyofumbwa. Nyuma ya jiko alisemeshwa Kihehe, tena kwa sauti ya mtu anayemgombeza shemeji yake. "Nguluvi!" nilikuwa namsikia anamwita, kisha maneno kama maharage yanayomwagika, kisha kimya, kama vile anampa nafasi ajibu. Mimi nilikuwa nanyamaza nisije nikalikosa hilo jibu.

Kisha akatangaza funga. Atakula mara moja tu kwa siku, jioni, mpaka baba ainuke.

"Na mimi?" nikauliza, kwa woga mkubwa, kwa kuwa tumbo langu halikuwa na wito.

"Funga siyo ya watoto. Wala ya wazee," akasema, akatupakulia mimi na Bibi, akaenda zake chumbani kuomba.

Bibi huyo alikuwa mama mzaa baba, Mkatoliki wa kuzaliwa, akiishi katika nyumba ya Walutheri kama balozi wa nchi jirani. Asubuhi mama alikuwa anamwambia, "Bwana Yesu asifiwe, mama," naye anajibu, "Tumsifu Yesu Kristo," na kila mmoja anabaki amesimama na salamu yake mkononi. Mimi ndiye nilikuwa naitikia zote mbili. Ni Bibi aliyenibandika jina la Figa, kwa sababu sikuwa nabanduka jikoni. "Mafiga ya nyumba hii ni manne," alikuwa anasema, "na hili la nne linakula."

Ilipofika wiki ya tatu ya funga mama aliamua kuitisha mgowe. Kwetu mgowe ni hivi: shamba likikushinda, unawaita watu, wanakuja na majembe yao, wanalimaliza kwa siku moja. Humlipi mtu. Wewe unaandaa kinywaji. Na kinywaji, tangu enzi na enzi, ni pombe. Ulanzi ule wa mianzi, au komoni. Hakuna mtu wa milima ile anayedanganyika kwamba watu huinuka alfajiri na mapema kwa ajili ya upendo peke yake.

Mama akasema atapika togwa.

Bibi aliweka chini ungo. "Mama Neema. Togwa?"

"Togwa, mama."

"Ile ya watoto wa ubatizo?"

"Hiyo hiyo. Nyumba hii haitapika pombe. Mungu atawaleta watu."

"Atawaleta," Bibi akasema. "Atawaleta, watanusa, atawarudisha. Nyie Walutheri mnamwogopa Mungu kuliko anavyotaka mwenyewe."

Jumapili, Mzee Luvanda, mzee wetu wa kanisa, mtu mrefu mwenye koti moja na sauti ya ng'ombe dume, akatangaza baada ya ibada kwamba Jumamosi kutakuwa na mgowe kwa mama Neema, mume wake yu hospitali, na kwamba kutakuwa na togwa. Aliposema "togwa" nikaona wanaume wa mabenchi ya nyuma wanaangalia dari.

Alhamisi mama alipika. Alikung'uta debe la unga mpaka nikasikia kijiko kinakwaruza bati, akapika uji mwingi, akauacha upoe kwenye pipa la bluu, akatia kimea cha ulezi, akafunika. Siku moja tu ya kukaa, iive, iwe tamu yenye uchachu kidogo. Hesabu ilikuwa safi.

Ijumaa jioni mtu akafa kitongoji cha pili. Mzee wa watu, alikuwa mgonjwa siku nyingi, Mungu amrehemu, ila angetusubiri kidogo. Maana kwetu maiti ikiwa haijazikwa, jembe halinyanyuliwi. Hata ukiwa na mawingu juu ya kichwa. Wanawe walikuwa wanatoka mbali, mmoja akitokea Madibira kwenye mpunga, kwa hiyo maziko Jumapili mchana. Mgowe ukasogezwa Jumatatu.

Mama alisikia habari hiyo akiwa amesimama na sufuria mkononi. Akaiangalia mbingu. Akaliangalia pipa. Kupika nyingine hakusema, na mimi sikujiuliza kwa nini. Akafunga kitenge kiunoni akaenda msibani kuwachotea watu maji, na huko akalala na wanawake wenzake, kama inavyopasa.

Nikabaki mimi, Bibi, na pipa.

"Baridi itaiharibu hii," Bibi akasema, kwa sauti ya huruma ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Akavua blanketi lake mwenyewe, akalivika pipa. Akachochea moto, akaamuru usizimike. Mimi nikafanya kazi niliyoumbiwa, yaani kukaa jikoni. Jumamosi usiku pipa lilianza kuongea. Kwanza moja moja, blup, kama mtu anayetafuta neno. Jumapili lilikuwa linahubiri. Nikafunua, nikaonja kwa kidole, ulimi ukasisimka mpaka masikioni.

"Bibi, imekuwa kama inauma."

Bibi akachota kikombe. Alikunywa taratibu, akafumba macho, akafanya ishara ya msalaba. "Iko sawa kabisa," akasema. "Nyamaza."

Mama alirudi Jumapili jioni, macho mekundu. Alipita jikoni, akasimama kidogo mbele ya lile pipa lililovaa blanketi, akaenda kulala.

Jumatatu kulipopambazuka ukungu ulikuwa umekaa mpaka mlangoni. Mama alishatoka na jembe lake. Sikumwona, nilimsikia tu: jembe, kisha kipande cha wimbo, kisha jembe. Peke yake katika nyasi zile zote. Nilitoka mlangoni, nikarudi motoni, nikatoka tena. Bibi naye, yule mwenye maneno, alikuwa amekaa kwenye kigoda anasokota ncha ya kitenge chake, haachi. Jembe. Wimbo. Jembe. Sauti ya mama ilikuwa inapungua. Nikamwambia Mungu kwa Kihehe, nikamwambia kwa Kiswahili pia, kwa tahadhari, na kwa upande wa Bibi nikaongeza Salamu Maria, nisiache mlango wowote bila kubisha.

Kisha ukungu ukakohoa.

Alikuwa Mzee Luvanda, koti lake moja, jembe begani. "Kamwene!" akatusalimia. Nyuma yake mkewe. Nyuma yao wale wa mabenchi ya nyuma, na wakwe wa marehemu waliotoka moja kwa moja msibani, na Wakatoliki wa ng'ambo ya mto, wengine hata sikuwajua. Walikuja kimya, mmoja mmoja, kila mtu na uso wa mtu aliyekubali kunywa togwa kwa ajili ya Bwana.

Mama alitoka shambani, akamkaribisha Mzee Luvanda kikombe cha kwanza. Mzee akavua kofia, akaliombea shamba, akamwombea baba, akamwombea mpaka dereva wa lori, akasema amina, akanywa funda moja. Akasimama. Akakitazama kikombe kwa ndani. Akamtazama mama. Mimi nikashika mkono wa Bibi. Mzee Luvanda akakiinua tena, akakimaliza mpaka tone.

"Mama Neema," akasema kwa ile sauti ya ng'ombe dume, "togwa hii ina upako."

Jamani, nilichokiona siku ile! Nyasi zililala mistari kwa mistari. Waliokuja wamenuna wakaanza kutaniana, wanawake wakawacheka wanaume wanaolima kama wanapapasa, wanaume wakajibu kwa jembe. Kufikia katikati ya asubuhi Walutheri walikuwa wanaitikia nyimbo za Bikira Maria kwa moyo wote, na Mzee Luvanda ndiye anaziinua. "Sasa tunaongea!" Bibi akawa anapiga makofi. Mtu mmoja alimletea mama kikombe. "Nimefunga," akasema, akainama akaendelea kulima. Jua lilipokuwa utosini, shamba lilikuwa jekundu lote. Jumatano mvua ikanyesha, ikatukuta na mbegu ardhini.

Baba alirudi baada ya Krismasi, kwa magongo, mguu umekataa kunyooka hadi leo. Siku hiyo nikajua funga imekwisha. Haikuisha. Mama akasema sasa ni funga ya shukrani. Nikajua wokovu umemkolea, nikawatambia wenzangu shuleni kwamba mama yangu ameshamaliza kuwa mtu, anaelekea kuwa malaika. Mikono yake ilikuwa imeanza kuwa myembamba kama ya malaika wa kwenye picha.

Funga hiyo iliisha siku mahindi ya kwanza yalipokubali kuchomwa. Nakumbuka alisimama palepale motoni, akaligeuza hindi mara moja, akalishika kwa mikono yote miwili likiwa bado linafuka moshi, akala. Hakuketi. Hakuomba kwanza. Mimi nikamwangalia, nikajiambia, loo, mama kasahau kubariki chakula.

Kwa muda mrefu hiyo ndiyo ilikuwa hadithi yangu ya kuchekesha watu: Walutheri waliolewa togwa bila kujua. Nimeisimulia harusini, nimeisimulia kwenye vikoba. Mpaka nilipokuwa na debe langu mwenyewe, na mwaka wangu mbaya, na watoto wananitazama mkono, ndipo siku moja nikasikia kijiko changu kinakwaruza bati. Nikaacha kukwaruza. Ile sauti niliijua. Debe la mama halikuwa limebaki na kitu baada ya pipa lile. Alimimina chakula chetu chote kwenye kinywaji cha watu wengine, mwanzoni mwa miezi mirefu ya kungoja mavuno, na kidogo alichopata baadaye akatupakulia mimi na Bibi, akaenda chumbani.

Alipokuja kunitembelea, nilimuuliza. Nilizunguka kwanza, nikaanza na pombe.

"Unafikiri mimi nilizaliwa na nani?" akasema. "Bibi yako mzaa mimi alipika komoni miaka yote. Niliinusa ile togwa tangu getini. Nikamwambia Nguluvi, mimi niliweka togwa. Hii umepika wewe."

Alicheka mpaka akajifuta machozi. Nikaona hapo hapo niingie.

"Na ile funga, mama? Haikuwa funga. Ilikuwa njaa."

Akaacha kucheka. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kitu cha darasa la kwanza.

"Ilikuwa njaa," akasema. "Ningeipeleka wapi? Ilikuwepo, nikampelekea yeye. Kwani funga ni ya walioshiba tu?"

Mimi nilidhani aliombea njaa imwondokee, au kwamba alitudanganya tu kwa neno la kanisani. Kumbe alikuwa hana kingine mkononi cha kumpa Mungu wake, akampa hicho, kila siku, kwa miezi, na kwa hicho akasimama.

Yuko hapa kwangu sasa. Juzi alinikuta nimeiinamia ndoo yangu. Akanusa, akasema, "Hiyo inatosha shamba zima," akapita. Ila mezani bado ana tabia yake ile. Anapakulia kila mtu, kisha anakumbuka kitu chumbani. Siku hizi ninampakulia yeye kwanza. Ninavuta kigoda, nakaa mbele yake, sibanduki. Ananiambia nina ukaaji wa ajabu, kwani sina pa kwenda? Namwambia sina. Mimi ni Figa, mama. Kula.