Kamyo tupu ya Baraka

Sijamwambia mtu yeyote: kosa la kumtoa babu kwenye machela leo ni langu.

Alikuwa amevunjika nyonga. Wajomba wanne walikuwa tayari kumbeba kutoka Lubondja hadi hospitali ya Baraka.

Nikasema kamyo, lori la mizigo lililokuwa likipita, ni bora. Kitabu cha shule kinasema springi hupunguza mitikisiko.

(Mimi, nisiyesemaga mbele za watu!)

"Haya mwalimu," mjomba akacheka, "miguu yetu itapumuzika."

Wajomba wakabaki, mimi na babu tukapanda. Kamyo ilikuwa tupu, ikienda kuchukua pamba. Kila shimo lilimrusha babu, akalia.

Dereva akasimama. "Mutoto, hizi springi ziko za kubeba muzigo mukubwa. Bila muzigo ziko nguvu kama jiwe. Kitabu yako haikukuambia?"

Hakikuniambia.

Wajomba, wakibeba mgonjwa, hawapigi hatua pamoja, ili machela isiyumbe. Hilo nililijua tangu utotoni, bila kitabu.

Babu akanishika mkono. "Usilie, mwalimu wangu."

Tulipofika Baraka alikuwa hapumui tena.

Ninyi wenzangu, mngewaambia wajomba alivyorushwa njiani?

Dereva alitaka kuturudisha bure. Nilikataa. Nimewatumia wajomba habari: waje na machela.