Tambi za Nusu Bei na Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, na siku hiyo ningekaa huko huko. Lakini nilisikia hoteli ya Kichina hapa Meru inauza tambi nusu bei kuanzia saa kumi, na bia ya pili ni bure ukiandikisha jina. Nikaandikisha.

Nimejaza mdomo tu, mama mkwe wangu huyo, akaketi meza ya pili. Kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe. Kosa hilo huoshwa kwa mbuzi. Nikajificha nyuma ya menyu, tambi zikining'inia kidevuni. Hata kutafuna niliogopa.

Mhudumu akaja na chupa, akapaza sauti, "Baba Kendi ni nani? Bia yako ya bure!"

Nikainua menyu juu zaidi. Mama mkwe akamjibu mhudumu, bila kunisemesha mimi:

"Ni huyo mwenye menyu. Mwambie ameze kwanza."